Mlima Wangu Haukuwa na Makorongo

Nimestaafu. Najua mnacheka, na Mzee Rajabu ndiye anayeongoza kicheko, lakini ndivyo keki ilivyoandikwa siku mliyoniaga: "Hongera Mstaafu Upendo." Mstaafu mwenyewe hajafika miaka thelathini, na mama yake bado anampigia simu kumuuliza kama amekula. Lakini ngozi ya mikono yangu haikusubiri umri. Daktari alivigeuzageuza viganja vyangu kama mtu anayechagua nyanya sokoni, kisha akaniambia nichague: magadi au vidole. Nikachagua vidole, kwa shingo upande.

Basi nawaandikia ninyi, Baraka na Salome, mnaorithi meza yangu pale kituoni Pasua. Mwalimu Temu aliniomba mwongozo wa kutengeneza volkano za kufundishia watoto. Nimejaribu. Kila nikifika kwenye vipimo vya siki nakumbuka mtu, nikianza kumwandika huyo mtu nasahau siki. Kwa hiyo mtapata vyote humu humu, vimechanganyika. Habari za cheo na mshahara nimeziacha kwa sababu zingeisha kabla ya aya hii kuisha.

Mimi niliingia kituoni kufagia. Kidato cha nne kilinipa cheti ambacho mpaka leo sijakionyesha mtu kwa furaha, lakini fagio halikuuliza. Kituo kilikuwa kile kile mnachokijua, chumba kirefu cha mabati ambako watoto hupita baada ya shule kusoma vitabu na kujifunza sayansi kwa kushikashika. Siku yangu ya kwanza Mwalimu Temu, na tai yake ile ile, alikuwa anafundisha volkano. Alichora ubaoni pembetatu, akaitoboa juu, akaweka mistari ya moshi, akarudi nyuma kuitazama kwa kuridhika. Mtoto mmoja akanyoosha mkono.

"Mwalimu, hiyo ni nyumba ya nani inaungua?"

Mwalimu aliutazama mchoro wake kwa muda. Kisha akanitazama mimi na fagio langu.

"Upendo, unaweza kufinyanga?"

"Naweza, Mwalimu."

Sikuwahi kufinyanga kitu chochote zaidi ya tonge la ugali. Lakini mimi ndivyo nilivyo, nikiulizwa kama naweza huwa najiona tayari nimeshamaliza na watu wanapiga makofi. Nikachimba udongo nyuma ya choo, nikaurundika kwenye sinia, nikaupapasa mpaka jioni. Kesho yake ulikuwa umekauka na kupasuka pande zote. Watoto wakauzunguka kwa heshima, kisha mmoja akauliza mchwa wako wapi.

Ndipo nikamjua Mzee Rajabu. Alikuwa fundi lipu, ameshapiga lipu nusu ya nyumba za Pasua, akaacha kazi mgongo ulipogoma. Sasa alikuwa anakuja kituoni kusoma magazeti bure. Akauzunguka mlima wangu, mikono nyuma.

"Binti, huyu marehemu alikuwa anaumwa nini?"

"Shikamoo, Mzee. Ni mlima."

"Marahaba. Mlima? Basi poleni sana."

Yeye ndiye aliyenifundisha kila kitu ninachowaachia. Mlima hauanzi na udongo, unaanza na wavu wa kuku uliokunjwa vizuri. Juu yake mnabandika vipande vya gazeti vilivyochovywa kwenye uji mzito wa unga wa ngano. Acheni tabaka la kwanza likauke kabisa ndipo mbandike la pili. Mwisho mnapiga lipu nyembamba ya moramu, ule udongo mwekundu wa barabarani, iliyochekechwa, imechanganywa na gundi, kwa mwiko mdogo. Mzee alikuwa akisema, "Ukiona unaisukuma, acha, kanywe chai." Magazeti alitoa yake, ila alikisoma kwanza kila kipande kabla ya kunipa, ndiyo maana milima yetu ya mwanzo ilichukua muda mrefu na mmoja ulikuwa na matokeo ya mpira ubavuni.

Mdomo wa mlima ni chupa ya dawa ya kikohozi. Msitumie chupa ya soda, shingo yake inarusha mpaka dari. Ndani mnaweka magadi, haya haya ya kuivishia maharage, yaliyotwangwa laini, kisha sabuni ya maji ili povu liwe zito, na rangi nyekundu ya keki. Siki mnaimwaga mwisho, kwa faneli. Msitafute wekundu kwa pilipili ya unga. Siwaambii nilijuaje. Mtoto yeyote asiinamie mdomo wa mlima, hata akiahidi kufumba macho. Na vaeni glovu. Mimi nilikuwa navua yangu ili "niuhisi mlima." Niliuhisi.

Siki ikiisha, ndimu inafaa. Kitu kingine kinachofaa, lakini msikitumie mbele ya wageni, ni mbege, pombe yetu ya ndizi, iliyochacha. Siku ya wazazi siki iliisha, jirani yetu akanipa mbege yake iliyogoma kunyweka, nikaimwaga. Mlima ulilipuka vizuri kuliko siku zote. Harufu ikatanda. Baba mmoja aliyekuwa amesinzia kiti cha nyuma aliinua pua, akafumbua macho, akasema kwa adabu kabisa:

"Mwalimu, sisi wa huku nyuma tutafikiwa?"

Mwalimu Temu alilegeza tai. Lakini kubalini, tangu siku hiyo akina baba hawajakosa siku ya wazazi.

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya niandike.

Kwa muda mrefu milima yangu ilikuwa milima tu, haina jina. Inalipuka, watoto wanapiga kelele, tunafuta meza, tunakwenda nyumbani. Lakini mimi nikawa naota. Kila asubuhi nikifungua dirisha nyumbani kwetu, Kibo ananitazama, mweupe kichwani, naye ni volkano. Kwa nini nifundishe mlima wa kubuni na mlima wenyewe uko juu ya paa letu? Nikaota Kilimanjaro nzima, juu ya ubao, na vijiji vyake na migomba yake, na kila mtoto aweke kwao. Usiku niliwaona hata wageni kutoka mbali wakija kuupiga picha.

Mzee Rajabu akatafuta mlango wa zamani, tukaulaza juu ya mapipa. Tulianza masika, kitu ambacho fundi mwenye akili asingefanya, kwa sababu hakuna kilichokauka. Nilikuwa naupepea mlima kwa ungo kama mtu anayepepea mgonjwa. Ulipokamilika ulipendeza mno. Kibo na chokaa yake kichwani, Mawenzi na meno yake, na ule mteremko mrefu kushuka mpaka mjini, laini, umepigwa lipu kama sebule ya mtu mwenye uwezo. Mzee aliupitishia kiganja wote, hakikukwaruzwa.

Watoto wakaleta nyumba zao. Za viberiti, za maboksi ya dawa ya meno. Glory alileta ya kwao Uru.

Glory alikuwa na miaka tisa. Alilelewa na bibi yake, Bibi Aika, kule juu Uru, akashushwa Pasua kukaa na shangazi yake ili asome mjini. Bibi akabaki peke yake na ng'ombe. Mtoto mwenyewe mpole, haongei sana, ila akiuliza swali unatamani angeendelea kunyamaza. Nyumba yake aliikata kwenye kopo la soda, akapaka paa bluu. Akapanda migomba ya nyuzi za kijani. Akafinyanga ng'ombe mwenye pembe moja iliyopinda, akaibomoa na kuirudia hiyo pembe mpaka ikapinda kama ya ng'ombe wa Bibi. Niliona namna alivyoiweka nyumba ubavuni mwa mlima, taratibu, kama anayeweka yai.

Siku ilipofika, kituo kilijaa mpaka madirishani. Nikamwaga siki. Jamani, ulilipuka! Povu jekundu likafurika, likashuka ule mteremko laini kama shuka linalovutwa kitandani, likapita vijiji vyote sawasawa, halikubagua. "Tena! Tena!" watoto walipiga kelele. Mimi nimesimama juu ya kigoda, mikono juu, najiona mkurugenzi wa milima yote ya Afrika.

Glory hakusema "Tena!" Alikuwa ameingiza kidole ndani ya kopo, anachokoa povu.

"Glory, unatafuta nini?"

"Bibi alikuwa ndani."

"Ndani ya nini?"

"Ndani ya nyumba. Nilimweka."

Akamtoa. Bibi mdogo wa udongo, ana kitambaa kichwani, amelainika mpaka uso umefutika. Nilimnawisha mikono, nikamwambia ni povu tu, ni magadi na siki, angalia hata halina moto. Akaitikia kwa kichwa. Nikadhani yameisha.

Desemba ikaingia. Salome, wewe ni wa Singida, kwa hiyo nikueleze. Huku kwetu Krismasi inapandwa. Watu wanatoka Dar, Mwanza, wapi sijui, barabara inajaa, wote wanapanda mlimani kwenye vihamba vyao, yale mashamba ya migomba ya ukoo, kwa wazee wao. Usipopanda, watu wanauliza kama unaumwa au umegombana. Na hakuna anayeshuka. Sijawahi kusikia mtu kashuka Krismasi.

Mama Eliya, shangazi yake Glory, akaja kituoni mchana mmoja, khanga kiunoni.

"Nani hapa anaitwa Upendo wa volkano?"

Mzee Rajabu akaninyooshea kidole kabla sijajificha.

"Dada, mmemfundisha nini mtoto wa watu? Hataki kupanda Krismasi! Anasema mlima utamwaga. Anataka Bibi ashuke huku. Bibi huyo ana mgeni mmoja tu anayemhesabia siku mwaka mzima, ndiye huyu. Nimwambie nini? Nimwambie mjukuu wako anakuogopa?"

"Simwogopi Bibi," Glory alisema nyuma yake. "Naogopa anapokaa."

Mwalimu Temu akajitokeza, akaweka tai sawa, akachuchumaa mbele ya mtoto.

"Glory, mlima wetu umelala. Ulilala zamani sana, hata babu wa babu yako hajazaliwa."

"Umelala kweli au unajifanya?"

Hapa mtu mwingine angesema "kweli" tukaenda nyumbani. Lakini mnamjua Mwalimu, hawezi kumdanganya mtoto hata kuhusu rangi ya chaki. "Umelala kweli," alisema. "Ila wataalamu wanasema kule juu ndani ya kreta bado unatoka mvuke kidogo, na harufu ya kiberiti..."

Glory akamgeukia shangazi yake. "Umesikia?"

"Lakini milima haiamki ghafla tu!" Mwalimu aliongeza haraka, jasho linamtoka. "Inatoa dalili kwanza. Ardhi inatetemeka, mvuke unaongezeka, watu wanapata muda wa kuondoka."

"Bibi hata miwani anaitafuta mpaka chai inapoa," Glory alisema. "Ataondokaje?"

Nikajiona mimi ndiye nimemnyang'anya mwanamke mzee Krismasi yake, tena mwanamke ambaye hata simjui. Jumamosi nikanunua mkate na sukari, nikapanda bodaboda kwenda Uru.

Nilimkuta Bibi Aika kwenye kihamba chake, anamkatia ng'ombe majani. Pembe ilikuwa imepinda vile vile.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mwanangu. Wewe ndiye uliyenichoma moto?"

Habari zilikuwa zimefika kabla yangu. Nikaanza kujieleza, akanikatiza akataka kuuona huo mlima. Nikampa simu yenye picha. Akaisogeza mbali, akaisogeza karibu, akaenda kutafuta miwani. Kweli chai ilipoa.

"Hiki ni nini?"

"Ni mlima wetu, Bibi. Hapa ndipo Uru."

"Uru gani hii imenyolewa hivi? Makorongo yako wapi?"

Akanishika mkono, akanipeleka mwisho wa kihamba, nikachungulia chini. Korongo lilikuwa refu, mto unasikika chini bila kuonekana. Ng'ambo yake kuna mgongo mwingine wenye migomba, na baada ya huo korongo jingine. Mimi nimezaliwa mjini. Mlima naujua kwa kuutazama dirishani, na ukiwa dirishani ni laini kabisa.

"Magoti yangu haya yameisha kwa kuteka maji humo tangu usichana," Bibi alisema. "Wewe umelifuta kwa mwiko?"

"Nimelifuta, Bibi."

"Na mwenzako fundi naye hakuona?"

"Yeye ni fundi lipu. Akiona shimo analiziba."

Alicheka mpaka akashika mgomba. Alipomaliza kucheka akauliza kama mtoto kweli kasema haji. Nikasema kasema. Akaenda mpakani, kwenye masale, akakata jani moja refu, akalifunga fundo.

Salome, nakueleza tena. Isale ndiyo tunayopanda mipakani, na jani lake ndilo tunalopeleka kwa mtu tuliyemkosea. Ukiletewa jani la isale, unasamehe. Watu wamegombea shamba mpaka hawasalimiani kanisani, limekuja jani, yameisha.

"Mpelekee Glory," alisema. "Nyumba yangu ilivunjwa na nani?"

"Na mlima, Bibi."

"Mlima uko pale, haujasogea. Aliyemwaga ni nani?"

"Ni mimi."

"Haya, shika."

Jumatatu nikampa Glory lile jani mbele ya meza. Alilipokea kwa mikono miwili kama mtu mzima. Akalitazama lile fundo.

"Hili ni lako," alisema. "Wewe nimekusamehe. Mlima wenyewe bado haujaleta."

Mzee Rajabu akajificha nyuma ya gazeti, linatikisika.

Kisha Glory akataja masharti yake. Kwanza mlima ujengwe upya, na makorongo. Pili, Bibi afunge furushi aliweke mlangoni: Biblia, blanketi, miwani ya akiba na kamba ya ng'ombe. Ardhi ikitetemeka asianze kutafutatafuta, ashike furushi na ng'ombe waondoke. Bibi akifanya hivyo, atapanda. Asipofanya, hapandi.

Mama Eliya, aliyekuwa amekuja kumchukua mtoto, akapiga simu pale pale, akaweka sauti kubwa. Tulimsikia Bibi kituo kizima.

"Furushi mlangoni? Krismasi? Wageni waje wanikute na mzigo mlangoni kama ninayefukuzwa na mume? Na mume mwenyewe kashakufa! Mwambie aje ale nyama!"

Simu ikakatwa.

"Basi siendi," Glory alisema. Hakulia. Ingekuwa afadhali angelia.

Mlima tuliujenga hata hivyo. Glory ndiye alikuwa fundi mkuu, mimi saidia fundi. Alichimba makorongo kwa kijiko cha chai, moja baada ya jingine, akitaja njia zake: hapa wanapita kwenda kanisani, hapa mbuzi wa jirani alianguka. Mzee Rajabu aliteseka.

"Maisha yangu yote nimeziba nyufa za watu," alisema, "leo napewa kijiko cha chai nizichimbe."

"Chimba, Babu. Bado fupi hilo."

Nyumba ya kopo ikarudi mgongoni mwa mlima, katikati ya makorongo mawili, pale inapokaa kweli. Safari hii nilimpa Glory faneli, amwage mwenyewe. Povu likatoka, likasita, likaingia korongoni. Likapita chini ya nyumba ya Bibi bila kuigusa, likashuka mbio, likafika mwisho wa mlango ambako tuliandika Pasua, likamwagikia viatu vya Mwalimu Temu.

Glory akacheka. Tangu siku ile ya kwanza sikuwa nimemsikia akicheka. "Sasa anayetakiwa kuhama ni Mwalimu!"

Ningeweza kuishia hapo, na mimi napenda mno mwisho mzuri. Lakini Mwalimu alinitazama, viatu vinatoa povu, nikajua anataka niseme nini.

"Glory, mlima mkubwa haufuati magadi yangu," nilisema. "Siwezi kukuahidi."

"Najua," alisema. Alikuwa anamfuta ng'ombe wa udongo kwa ncha ya sketi. "Ndiyo maana nataka furushi. Bibi hataki kulifunga." Akamweka ng'ombe mfukoni. "Basi nitaenda kulifunga mwenyewe."

"Kwa hiyo unapanda?" Mama Eliya aliuliza kutoka mlangoni, kama anaogopa kupumua.

"Napanda kufunga furushi. Sijasema nakula nyama."

Tulipanda siku moja kabla ya Krismasi, Glory, shangazi yake na mimi, maana nilialikwa, au niliagizwa, sikuuliza. Njia nzima kushoto kwangu kuna mkono mdogo umenishika kidole, na kila tulipovuka daraja mkono ule ulikaza. Juu kabisa Kibo alikuwa amejitokeza, hana hata wingu, mweupe, kama mtu asiyejua anasemwa. Kwenye kihamba tulikaribishwa na moshi wa jikoni na harufu ya mtori wa ndizi na nyama. Glory alisimama ghafla kabla ya mlango.

Pembeni ya mlango, ndani kidogo, kulikuwa na furushi la khanga ya kijani, limefungwa fundo.

Bibi akatoka jikoni, mikono ina unga. Akaona tunapotazama.

"Hizo ni nguo za kufua," alisema haraka.

Glory hakumjibu. Alipiga magoti, akafungua fundo. Ilitoka Biblia. Likatoka blanketi, miwani yenye mguu uliofungwa uzi, na kamba mpya ya ng'ombe. Chini kabisa kulikuwa na sweta dogo la pinki, la mtoto.

"Hili sikulitaja," Glory alisema.

"Sasa kama mlima ukimwaga na wewe uko hapa?" Bibi alisema, kwa ukali kabisa. "Unafikiri nitakimbia na ng'ombe nikuache? Na kule chini kuna mbu lakini ukifika Mto Weruweru kuna baridi." Kuna sehemu ya hoja hiyo ambayo sijaielewa mpaka leo, lakini hakuna aliyeiuliza. Glory alikuwa ameshamkumbatia kiunoni, uso wote umepotea ndani ya khanga, na Bibi amenyanyua mikono yenye unga juu, hajui aishushe wapi. Mwisho akaishusha mgongoni mwa mtoto, ikaacha alama mbili nyeupe.

Nyama alikula. Alikula mpaka Mama Eliya akamwonea aibu.

Sasa Glory yuko sekondari, mrefu kuliko mimi, na anajua mambo ya miamba ambayo nikiyasikia natikisa kichwa tu. Wiki iliyopita nilipanda Uru kumuaga Bibi Aika na kumwonyesha mikono yangu. Aliipaka mafuta ya ng'ombe, akanisimanga kwa kutovaa glovu, naye hata hajawahi kuziona. Nikiwa natoka mlangoni nilijikwaa. Lilikuwa furushi lile lile la khanga ya kijani, limepauka upande unaopigwa na jua, na sweta limebadilishwa, sasa ni la msichana mkubwa.

"Taratibu," Bibi alisema, akalirudisha mahali pake kwa mguu. "Usilisogeze. Glory akija ataniuliza."

Basi, Baraka na Salome, mlango wa mlima uko stoo nyuma ya madawati. Lipu imebanduka upande wa Mawenzi, Mzee Rajabu atawaonyesha, mkubali kwanza kumsikiliza habari za mgongo wake. Makorongo msiyazibe. Watoto wapya watakuja na nyumba zao, za viberiti na za makopo, waacheni waziweke wanapotaka. Chupa ikiwa tayari na faneli mkononi, na kituo kizima kinapiga kelele mmwage, msimwage kwanza. Inameni mchungulie kila nyumba, mumuulize mwenyewe kama kuna mtu ndani. Akisema yupo, msubiri amtoe.